Usukani na Breki za Gari la Kale la Mbio: Mjadala wa Sauti Tatu

Mbio za Safari zilianzishwa mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na katika miongo iliyofuata zikawa mojawapo ya mitihani mikali zaidi ya uimara wa gari duniani, kwa kuwa zilikimbizwa kwa maelfu ya kilomita katika barabara za kawaida za Afrika Mashariki, zenye matope mazito wakati wa masika na vumbi jingi mara mvua zinapokatika. Mwaka 1971 na 1973 ushindi ulikwenda kwa Datsun 240Z, la kwanza likiendeshwa na Edgar Herrmann na la pili na Shekhar Mehta. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1972, Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakawa wageni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda mbio hizo, wakiwa na Ford Escort RS1600. Tangu mwaka 2003 magari ya kizazi hicho yamerudi katika barabara zilezile kupitia East African Safari Classic Rally, yakikimbizwa na watu wanaoyapenda na wanaotaka pia yamalize mbio yakiwa mazima.

Kurudi huko kumezaa swali ambalo kila gereji inayotunza magari hayo hulazimika kulijibu. Gari lililobuniwa zaidi ya nusu karne iliyopita leo huvalishwa matairi yenye mshiko bora, shokabu za kisasa na injini iliyoongezwa nguvu, na kwa hiyo hufika kwenye kona kwa mwendo ambao wabunifu wake hawakuukusudia. Je, usukani na breki zake ziboreshwe ili zilingane na mwendo huo, au ziachwe kama zilivyotoka kiwandani kwa kuwa ndizo sehemu kubwa ya tabia ya gari lenyewe?

Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti tatu. Mhifadhi ni mzee anayeliona gari la kale kuwa ushahidi wa historia ya ufundi. Mboreshaji ni mshindani wa kizazi cha sasa anayetanguliza usalama na kasi. Fundi ni yule anayelala chini ya gari na kuwajibika kwa kila boliti. Gari linalochukuliwa kuwa mfano ni Ford Escort ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, kwa sababu muundo wake unaeleweka kwa urahisi. Mbele ina nguzo za MacPherson, yaani shokabu na springi vilivyounganishwa kuwa nguzo moja inayobeba gurudumu. Nyuma ina ekseli nzima iliyokalia springi za vyuma bapa. Usukani wake ni wa reki, yaani fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo iliyo mwisho wa nguzo ya usukani, bila msaada wowote wa umeme wala mafuta. Breki za matoleo yake ya michezo ni diski mbele na dramu nyuma.

Kuhusu breki

Mhifadhi: Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba breki hazisimamishi gari. Kinachosimamisha gari ni mshiko wa tairi juu ya ardhi, na breki ni njia tu ya kuutumia mshiko huo. Juu ya lami kavu tairi zuri linaweza kupunguza mwendo kwa kiwango kinachokaribia mvutano wa dunia, lakini juu ya murramu iliyolegea, yaani udongo wa changarawe wa barabarani, kiwango hicho hushuka hadi karibu nusu. Diski za mbele na dramu za nyuma zilizotoka kiwandani zina uwezo wa kufunga magurudumu yote manne juu ya ardhi ya namna hiyo, na gurudumu likishafungwa hakuna kalipa, yaani kifaa kinachoibana diski kwa pedi mbili, inayoweza kuongeza chochote, hata iwe na pistoni nne au sita. Anayebadilisha breki kwa matumaini ya kusimama mapema zaidi kwenye murramu anagharimia kitu ambacho ardhi yenyewe haiwezi kumpa.

Mboreshaji: Hesabu ya Mzee Mhifadhi ni sahihi kwa kusimama mara moja, na hapo ndipo inapopungukiwa, kwa sababu mbio si kusimama mara moja. Kazi ya breki ni kugeuza nishati mwendo, yaani nishati ambayo gari linayo kwa sababu ya kwenda, kuwa joto. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,100 pamoja na dereva, msoma ramani, mafuta na vipuri. Likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, breki hupokea takriban kilojuli 424; likisimamishwa kutoka kilomita 140, hupokea takriban kilojuli 832, karibu maradufu, kwa kuwa nishati huongezeka kwa mraba wa mwendo. Iwapo asilimia 70 ya nishati hiyo inakwenda kwenye diski mbili za mbele zenye kilo 10 za chuma kwa jumla, kusimama kwa kwanza huzipandisha joto kwa nyuzi 65 hivi za Selsiasi, na kusimama kwa pili kwa nyuzi 127 hivi, kabla upepo haujapata nafasi ya kuzipoza.

Hiyo ni barabara tambarare. Barabara inayoshuka kutoka Iten, mji ulio katika mwinuko wa takriban mita 2,400, kuelekea Bonde la Kerio hupoteza zaidi ya mita 1,000 za kimo kwa kona zinazofuatana. Gari lile lile likishuka mita 1,000, nishati inayopaswa kutoweka inafikia takriban megajuli 10.8, sawa na kulisimamisha mara 25 kutoka kilomita 100 kwa saa. Injini na upepo huchukua sehemu yake, lakini kinachobaki hujikusanya katika diski zilizokusudiwa gari la familia. Kwa hiyo swali la haki haliulizi kama breki zinaweza kufunga magurudumu kwenye kona ya kwanza. Linauliza kama zinaweza kufanya hivyo kwenye kona ya mwisho ya mteremko, mguu ukikanyaga kwa nguvu ile ile.

Fundi: Pande zote mbili zimetaja diski na kalipa, na hakuna aliyetaja oili ya breki, ilhali ndiyo inayoshindwa kwanza. Oili hiyo hunyonya unyevu wa hewa taratibu, na kadiri inavyonyonya ndivyo inavyochemka mapema. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa oili ya daraja la DOT 3 ni kuchemka kwa nyuzi 205 ikiwa mpya na nyuzi 140 ikiwa imenyonya maji. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Kwa DOT 5.1 ni nyuzi 260 na 180. Oili haibanwi ikapungua ujazo, na ndiyo maana inafikisha nguvu ya mguu hadi kwenye gurudumu. Mvuke hubanwa kwa urahisi, hivyo oili ikichemka ndani ya kalipa pedali huzama hadi sakafuni bila breki kushika. Magari mengi yanayosemekana kuwa breki zake zimekufa mteremkoni hayakuwa na breki ndogo. Yalikuwa na oili kuukuu.

Kwa sababu hiyo orodha ya kazi huanza na mambo yasiyoonekana: kumwaga oili yote na kutoa hewa kwenye mfumo kabla ya kila mashindano, kubadilisha hosi za mpira, ambazo zikizeeka hutanuka zinapobeba shinikizo na kumeza sehemu ya mwendo wa pedali, na kuweka hosi zilizofumwa kwa nyuzi za chuma, kusafisha pistoni za kalipa zilizoota kutu, na kuchagua pedi zinazofaa. Katika hili la mwisho wengi hukosea kwa kununua pedi za mbio za viwanjani, ambazo huanza kushika vizuri zikiwa zimeshika moto, ilhali mbio za barabarani huanza alfajiri, diski zikiwa baridi na kona ya kwanza ikiwa karibu. Pedi inayofaa ni ile inayoshika baridi na moto, hata kama si bingwa katika hali yoyote kati ya hizo mbili.

Mhifadhi: Hayo ya Fundi yanakubalika yote, kwa sababu yanalirudisha gari katika uwezo wake bila kuligeuza kuwa gari jingine. Shaka inabaki kwa hatua inayofuata. Diski kubwa zenye uwazi katikati wa kupitisha hewa hupoa vizuri kwenye lami, lakini udongo mweusi wa mfinyanzi ukijaa ndani ya uwazi huo na kukauka, diski hupoteza ulinganifu wa uzito na gurudumu huanza kutetemeka. Mifereji ya kupeleka upepo kwenye diski hupeleka pia mawe na matope. Tena, diski kubwa haienei ndani ya rimu ya inchi 13 ambayo gari lilibuniwa nayo, hivyo rimu hubadilishwa, na pamoja nayo kimo cha ukuta wa tairi unaokinga rimu isipigwe na mawe. Dramu za nyuma nazo hudharauliwa pasipo haki: zimefunikwa, zinastahimili changarawe, na zinatoa breki ya mkono iliyo imara.

Mboreshaji: Dramu zina sifa hizo, lakini kasoro zake mbili zinagusa hasa barabara za Afrika Mashariki. Ya kwanza ni maji. Gari likivuka mto, maji huingia ndani ya dramu na kukaa kati yake na breki shuu, yaani vipande vilivyopinda ambavyo hutanuka na kuusugua ukuta wa ndani wa dramu, na breki hukosa nguvu hadi zikauke; diski huyatupa maji nje kwa mzunguko wake na pedi hupangusa yaliyobaki. Ya pili ni joto. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na breki shuu, kwa hiyo pedali hushuka kadiri kazi inavyoongezeka, ilhali diski ikitanuka hunenepa na kuzifuata pedi. Ford yenyewe haikushikilia dramu kama urithi: Escort RS1800 za kiwanda katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 zilishindana zikiwa na diski magurudumu yote manne, na ni gari la aina hiyo ambalo Björn Waldegård na Hans Thorszelius walishinda nalo Mbio za Safari mwaka 1977.

Fundi: Kuweka diski nyuma ni kazi ndogo, kugawanya nguvu kati ya mbele na nyuma ndiyo kazi. Gari linapofunga breki uzito hulalia mbele, na kiasi kinachohama kinategemea ukali wa kusimama, kimo cha kitovu cha uzito na urefu kati ya ekseli mbili. Kwa Escort, ambayo urefu huo ni takriban mita 2.4, na kwa kitovu cha uzito kilicho nusu mita kutoka ardhini, gari lililogawa uzito wake asilimia 52 mbele na 48 nyuma hufikia karibu 62 kwa 38 likisimama kwa nusu ya mvutano wa dunia kwenye murramu, na karibu 71 kwa 29 likisimama kwa asilimia 90 ya mvutano huo kwenye lami. Breki zilizopangwa vizuri kwa lami hufunga magurudumu ya mbele mapema mno kwenye murramu, na gari huenda moja kwa moja usukani ukiwa umekatwa. Zilizopangwa vizuri kwa murramu hufunga ya nyuma mapema mno kwenye lami, na gari hugeuka nyuma mbele.

Suluhisho ni kuweka masta silinda mbili, yaani silinda zinazogeuza nguvu ya mguu kuwa shinikizo la oili, moja ya mbele na moja ya nyuma, zinazosukumwa na pedali moja kupitia kifimbo cha mizani ambacho hugawa nguvu ya mguu kati yake na ambacho dereva anaweza kukirekebisha kwa kuzungusha kitufe. Mpangilio huo unaleta pia faida ya usalama ambayo magari mengi ya miaka ya 1960 hayakuwa nayo, kwani mfumo wa njia moja ukipasuka hosi moja hupoteza breki zote, lakini wenye njia mbili hubakiwa na nusu. Kipenyo cha masta silinda kichaguliwe kwa hesabu: ukishuka kutoka milimita 19.05 hadi 15.9, shinikizo linaongezeka takriban mara 1.44 kwa nguvu ile ile ya mguu, lakini mwendo wa pedali nao unarefuka kwa kiasi hicho hicho. Anayefunga kalipa zenye pistoni kubwa na kuacha masta silinda ya zamani hupata pedali ndefu na laini, kisha huzilaumu kalipa zisizo na kosa.

Kuna pia suala la busta, yaani kifaa kinachosaidia mguu kwa kutumia tofauti kati ya shinikizo la hewa ya nje na ombwe la injini. Katika mwinuko wa mita 2,400 shinikizo la hewa ni takriban robo pungufu ya lile la Mombasa, na msaada wa busta hupungua nalo. Injini yenye kemu shafti ya mbio hutoa ombwe hafifu zaidi, na dereva anayefunga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kukanyaga mafuta, kama walivyofanya madereva wa Skandinavia tangu miaka ya 1960, huliondoa ombwe hilo hasa anapolihitaji. Pedali isiyo na busta ni nzito zaidi, lakini uzito wake ni mmoja pwani na mlimani.

Kuhusu usukani

Mhifadhi: Usukani ndio unaolipa gari la kale utambulisho wake. Reki isiyo na msaada humfikishia dereva habari za tairi moja kwa moja: mshiko unapoanza kupungua, usukani hulegea mkononi kabla gari halijaanza kuteleza, na uzito wake huongezeka na kupungua kufuatana na kinachotokea chini ya gurudumu. Dereva hujifunza kusoma habari hizo, na kusoma huko ndiko ufundi ambao mbio za magari ya kale zipo ili kuulinda. Mota ya umeme ya kusaidia mkono ikiwekwa katikati, habari hizo hufika zikiwa zimechujwa, na kinachohifadhiwa ni bodi ya Escort tu.

Mboreshaji: Habari zinazofika kwa dereva ambaye mikono yake imechoka hazina msomaji. Reki ya kawaida ya gari hilo inahitaji takriban mizunguko mitatu na nusu ya usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma likianza kuserereka kwenye murramu linahitaji usukani ukatwe upande wa pili kwa haraka, na mizunguko hiyo ni mingi kiasi cha kumlazimisha dereva kupishanisha mikono wakati ambao hapaswi kuiachia. Reki ya haraka, yenye mizunguko miwili na nusu, humwezesha kufanya karibu kila kitu bila kuhamisha mikono. Uzito unaoongezeka huondolewa na mota ya umeme iliyofungwa kwenye nguzo ya usukani, ya aina inayotolewa katika magari madogo ya kawaida, ikisaidiwa na kisanduku kinachomwezesha dereva kuchagua kiasi cha msaada. Msaada mdogo hauchuji habari zote. Hupunguza jasho tu.

Fundi: Kabla ya kubadilisha reki, ijulikane kwanza kama iliyopo inafanya kazi. Gari likiwa limeinuliwa, gurudumu la mbele hushikwa kushoto na kulia na kutikiswa huku kiganja cha mtu wa pili kikiwa juu ya tairodi, yaani kifimbo kinachounganisha reki na gurudumu. Tiki inayosikika kiganjani kabla reki haijasogea ni pleyi, yaani ulegevu, ya mpira wa tairodi. Reki ikisogea nzima ndani ya vishikio vyake, kosa ni la mipira ya vishikio, ambayo ikizeeka huruhusu chuma kuhama milimita kadhaa kabla gurudumu halijapokea amri. Kuweka vishikio vya alumini badala ya mipira hiyo ni badiliko la gharama ndogo, nalo hutoa usahihi ambao wengi hudhani unapatikana kwa reki mpya pekee.

Kisha huja kimo. Gari la Mbio za Safari huinuliwa ili lisigonge mawe, na likiinuliwa tairodi huacha kulala sambamba na mkono wa chini unaolishika gurudumu. Matokeo yake ni kwamba gurudumu linapopanda na kushuka katika mashimo hujikata lenyewe kidogo kuelekea ndani au nje, bila dereva kugusa usukani. Dereva hulisikia gari likitangatanga na kudai usukani wa haraka zaidi, kumbe dawa ni kurekebisha kimo cha reki au cha mwisho wa tairodi, kazi inayopimwa kwa kuondoa springi, kupandisha gurudumu hatua kwa hatua na kuandika badiliko la uelekeo wake katika kila hatua.

Reki ya haraka yenyewe ina bei yake. Kutoka mizunguko mitatu na nusu hadi miwili na nusu, nguvu inayohitajika mkononi huongezeka takriban mara 1.4, na pigo la jiwe linalorudi kutoka kwenye gurudumu huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana dereva wa gari lisilo na msaada hufundishwa kuacha vidole gumba nje ya spoki za usukani: gurudumu likipiga jiwe, usukani huzunguka ghafla na kuvunja kidole kilichonaswa.

Na hapa breki na usukani hukutana. Diski kubwa ikihitaji rimu nyingine, mara nyingi rimu hiyo huliweka tairi nje zaidi ya lilipokuwa. Umbali kati ya katikati ya tairi na mstari ambao gurudumu huzungukia linapokatwa hurefuka, na kadiri unavyorefuka ndivyo kila jiwe, na kila tofauti ndogo ya nguvu ya breki kati ya kushoto na kulia, inavyopata wenzo mrefu wa kuuvuta usukani. Usukani ukiwa mzito na mkali, mota ya umeme huonekana kuwa lazima. Mota hiyo hula amperi makumi kadhaa inapofanya kazi kwa nguvu, kwa hiyo alteneta na nyaya za zamani nazo hubadilishwa. Gari lililoanza kwa kutafuta diski kubwa huishia likiwa na rimu, usukani, umeme na tabia mpya, na kila hatua ilikuwa na sababu nzuri iliyoletwa na hatua iliyoitangulia.

Mboreshaji: Mnyororo huo ni wa kweli, lakini unakatika kwa mpangilio mzuri. Zipo kalipa zenye pistoni nne na diski nene kidogo zinazoenea ndani ya rimu ya inchi 13, na mwenye gari anayeanza kwa kupima nafasi ndani ya rimu hatasukumwa na matokeo ya ununuzi wake. Kuhusu mota, dereva mwenye umri mkubwa au mwenye bega lililowahi kuumia hubaki katika mchezo kwa sababu yake, na mchezo unaomfungia nje mtu huyo unapoteza pia kumbukumbu anazozibeba.

Mhifadhi: Hoja ya dereva huyo ina uzito, na haipaswi kujibiwa kwa ukali. Lakini mota inaposhindwa, kwa fyuzi kuungua au kwa maji kuingia katika vihisio vyake, haishindwi taratibu kama mkono unaochoka. Msaada hutoweka ghafla, pengine katikati ya kona, na dereva aliyezoea usukani mwepesi hukutana na reki ya haraka yenye uzito wake wote.

Fundi: Kwa hiyo kanuni ya gereji iwe hii: reki ichaguliwe kana kwamba mota haipo. Ikiwa dereva hawezi kuimaliza sehemu ya mashindano mota ikiwa imezimwa, reki hiyo ni ya haraka mno kwake, na mota inaficha kosa badala ya kusaidia. Jaribio hilo lifanywe kabla ya mbio, mota ikizimwa kwa makusudi, katika barabara iliyofungwa.

Kuhusu kanuni na urithi

Mhifadhi: Zipo kanuni zinazoongoza jambo hili. Kiambatisho K cha kanuni za kimataifa za FIA, shirikisho linalosimamia michezo ya magari duniani, kinataka gari la kihistoria liwe katika hali iliyothibitishwa kuwa ya enzi yake, na gari hupewa pasipoti ya kiufundi inayoeleza hali hiyo. Kinachokubalika ni kile kilichosajiliwa katika hati za kiwanda au kilichotumika katika mashindano ya kimataifa ya wakati huo. Kwa msingi huo masta silinda mbili na reki ya haraka vina nafasi ya kutetewa, kwa kuwa vilijulikana na kutumiwa na timu za enzi hizo, lakini mota ya umeme haikuwahi kuwemo ndani ya Escort ya mwaka 1972.

Mboreshaji: Waandaaji wa mashindano mbalimbali hutunga pia kanuni zao, na baadhi huruhusu zaidi. Ikumbukwe vilevile kwamba timu za kiwanda za miaka ya 1970 hazikuwa za kihafidhina hata kidogo. Zilibadilisha kila kitu zilichoruhusiwa, zikavunja, zikarekebisha na kujaribu tena. Anayeligandisha gari katika hali ya siku moja analihifadhi umbo na kuipoteza roho ya kazi iliyoliunda.

Mhifadhi: Roho hiyo iliheshimu mipaka ya vifaa vya wakati wake, na ubunifu wake unaonekana kwa sababu mipaka hiyo ilikuwepo. Pale ambapo usalama unadai kuvuka mpaka, jambo la chini linaloweza kuombwa ni kwamba badiliko liweze kurudishwa: pasikatwe bodi, pasichomelewe nguzo ya asili, na vipuri vilivyotolewa vitunzwe pamoja na maandishi yanayoeleza nini kilibadilishwa, lini na kwa nini.

Fundi: Ombi hilo halina gharama kwa gereji yenye nidhamu. Kisanduku cha pedali kinaweza kufungwa kwa boliti, mota inaweza kukaa kwenye nguzo ya pili huku ya asili ikiwekwa stoo, na daftari la gari huandikwa kila siku ya kazi.

Hitimisho

Sauti tatu hizi zilianza mbali kuliko zilikoishia. Mhifadhi hakupinga kwamba joto na maji ni maadui halisi ambao breki za gari la familia hazikuandaliwa kupambana nao. Mboreshaji amekubali kwamba kila badiliko huita jingine na kwamba ukubwa wa kipuri hauthibitishi ubora wake. Fundi ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachotafutwa dukani imejificha ndani ya oili kuukuu, mipira iliyochoka na vipimo visivyochukuliwa.

Kipimo kinachotokana na mjadala huu ni kutobadilika kwa mwitikio, yaani gari kumjibu dereva jioni kama lilivyomjibu asubuhi, mlimani kama pwani, baada ya kuvuka mto kama kabla yake. Kwa kipimo hicho oili mpya, hosi imara, pedi za kiasi, njia mbili za breki, kifimbo cha mizani na vishikio imara vya reki vinapita bila shaka, kwa kuwa vinapunguza tofauti kati ya saa moja na nyingine. Diski za nyuma zinapita pale ambapo mito na miteremko ni mingi, mradi mgawanyo wa nguvu upangwe upya. Busta inaondoka, kwa sababu msaada wake unategemea mwinuko na mguu wa mafuta. Reki ya haraka inapita kwa kadiri ya mikono ya dereva mwenyewe. Mota ya umeme inapita kwa masharti magumu zaidi: kanuni za mashindano ziiruhusu, dereva aihitaji kweli, na gari liweze kuendeshwa kwa usalama likiwa nayo na likiwa halina. Diski kubwa zinazolazimisha rimu mpya na kuuvuruga usukani hazipiti, hata kama zingesimamisha gari vizuri katika jaribio moja la lami.

Kipimo hiki kinamfaa pia yule anayetaka kuhifadhi, kwa sababu gari lenye mwitikio usiobadilika humwachia dereva nafasi ya kulisoma, na bila kusomwa tabia yake ya asili haimfikii mtu yeyote. Mwenye gari anayekusudia kuanza kazi hii anashauriwa aanze kwa kupima pleyi, kumwaga oili na kuandika hali ya gari lilivyo, kisha aliendeshe hivyo walau katika shindano moja kabla ya kuagiza kipuri chochote, kwa maana orodha ya ununuzi inayoandikwa baada ya kazi hiyo huwa fupi, na kila kilichobaki ndani yake huwa kimethibitisha sababu ya kuwepo.